Amplifaya ya Buda Wako Haijakufa

Wasee, leo ni historia, lakini ni historia ya kitu ambacho labda kiko kwenu sebuleni saa hii, kimefunikwa na kitambaa cha mathe. Ile sistimu ya zamani, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo kila mtu kwa nyumba anasema iuzwe kwa wale jamaa wa vyuma kuukuu. Mimi nasema isiuzwe, na sisemi hivyo kwa sababu ya hisia. Kuna watu walikuwa kwa hali yako kabla yako, na walichofanya kinatufundisha nani hasa huamua kifaa chako kife lini.

Igeuze uangalie nyuma. Utaona matundu mawili, moja jekundu, jingine jeupe. Watu huyaita RCA, na hilo ni jina la kampuni ya Marekani iliyoyaleta miaka ya 1930. Wakati huo Marekani ilikuwa kwa msoto mkali. Watu walikuwa na redio nyumbani, redio ilipiga muziki bure, na santuri zikaacha kununuliwa. Mwaka wa 1934 RCA Victor wakaja na kitu kinaitwa Duo Jr. Kilikuwa kisahani cha kuzungusha santuri tu, hakina spika, hakina amplifaya. Bei ilikuwa dola 16.50. Ulikichomeka nyuma ya redio uliyokuwa nayo tayari, na redio ikafanya kazi ngumu ya kutoa sauti. Fikiria hilo. Kampuni kubwa ilikuambia: usinunue mashine nzima, tumia ile uko nayo. Siku hizi ukisikia kampuni ikisema hivyo, angalia kama umelala.

Sasa ruka hadi miaka ya 1970. Wajapani wa Sony wanataka kurekodi muziki kwa namba badala ya mawimbi kwa kanda. Shida ni kwamba namba zenyewe ni nyingi ajabu na hakuna mashine ya sauti inayoweza kuzibeba. Lakini mashine za kurekodi video zilikuwepo, na zilikuwa na nafasi kubwa. Basi wakazigeuza namba za muziki kuwa kama picha ya TV, madoa meusi na meupe, wakazirekodi kwa kanda ya video. Mistari 245 inayotumika, mara 60 kwa sekunde, namba 3 kwa kila mstari. Piga hesabu: 44,100. Hiyo ndiyo namba ya CD ilipotoka mwaka wa 1982, na ndiyo bado iko kwa ngoma nyingi unazosikiliza leo. (Kuna hesabu nyingine inayosema sikio la binadamu hufika karibu mawimbi 20,000 kwa sekunde, na unahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Niliacha chuo kabla hatujaifikia, nikaisoma mwenyewe kwa keja.) Kwa hivyo ule ubora tunaouita wa CD ulizaliwa kwa mashine ya video iliyopewa kazi ingine.

Baadaye intaneti ikaja, ikawa polepole, na MP3 ikatokea kupunguza mzigo. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa kila sekunde. MP3 nzuri kabisa ni 320, na zile tulikuwa tunatumiana kwa simu tukiwa shule zilikuwa 128 hivi. Ngoma ya dakika 4 ya CD ni megabaiti 42. Kwa MP3 ya 320 ni kama 10. Kilichotupwa katikati hakirudi. Mwaka wa 2001 mtu mmoja, Josh Coalson, akatoa FLAC, ambayo hubana ngoma hadi karibu nusu lakini ukiifungua inarudi kamili, namba kwa namba. Na akaitoa bure.

Mwaka huohuo wa 2001 ndipo stori yangu inaanza hasa. Kule California kijana anaitwa Sean Adams, na kampuni yake ndogo Slim Devices, wakauza kisanduku kinaitwa SliMP3. Kwa wakati huo muziki wa watu ulikuwa umekwama kwa kompyuta, chumba kingine, ukitoka kwa vispika vya plastiki. Sistimu nzuri iko sebuleni, kimya. SliMP3 uliiunganisha na mtandao wa nyumba upande mmoja, na upande wa pili, yale matundu mawili ya amplifaya. Kompyuta inatuma, kisanduku kinapokea, sistimu inaimba. Mwaka wa 2003 wakaleta Squeezebox, na waya ya mtandao ikawa si lazima.

Lakini ujanja wa Slim Devices haukuwa kisanduku. Programu iliyotuma muziki ilikaa kwa kompyuta yako wewe, na msimbo wake ulikuwa wazi, kila mtu aliruhusiwa kuusoma na kuubadilisha. Mashabiki wakaanza kurekebisha makosa yake bila kulipwa. Mwaka wa 2006 Logitech wakainunua kampuni kwa dola milioni 20. Wakaongeza vifaa kadhaa vizuri, halafu mwaka wa 2012 wakaamua basi, Squeezebox imekwisha.

Kwa kawaida hapo ndipo kifaa hufa. Hiki hakikufa. Programu ilikuwa mikononi mwa watu, na watu wakaendelea nayo. Mwaka huohuo wa 2012, mwezi wa Februari, Raspberry Pi ikatoka Uingereza, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki, dola 35, na wasee wakatengeneza programu ndogo inayoifanya ijifanye Squeezebox. Mwaka wa 2024 Logitech walizima seva yao ya mwisho ya huduma hiyo. Wenyewe wakabadilisha jina la programu likawa Lyrion, wakaendelea kama kawaida. Kisanduku cha 2003 bado kinaweza kupiga muziki leo jioni.

Linganisha na wengine. Google walitoa Chromecast Audio mwaka wa 2015, kidude cha mviringo cha dola 35, kazi yake ileile: spika za zamani zipate muziki wa mtandao. Kilikuwa kizuri kwelikweli. Januari 2019 wakaacha kukitengeneza. Machi 2025 cheti cha usalama cha miaka 10 kilichofichwa ndani kikaisha muda, na dunia nzima vidude hivyo vikagoma siku moja. Google walituma marekebisho baada ya siku chache, sawa, nawapa heshima yao. Lakini kwa zile siku, mwenye kifaa hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Sonos nao walikuwa na kituko chao. Mwaka wa 2019 waliwapa wateja punguzo la asilimia 30 wakileta za zamani, lakini sharti ni uiweke spika yako kwa hali ya kuchakatwa. Baada ya siku 21 inajifunga kabisa, hata ukimpa mtu bure hawezi kuitumia. Spika nzima, haina kasoro. Watu wakapiga kelele hadi Machi 2020 sharti hilo likaondolewa.

Unaona tofauti? Amplifaya ya 1985 haijui wewe ni nani. Haiulizi akaunti, haisubiri ruhusa ya seva iliyo bara lingine. Umeme wa sauti ukiingia, inaukuza. Kinachochakaa haraka ni upande wa kuleta muziki, na huo upande ndio wa bei rahisi. Kwa hivyo mtu akikuambia ununue spika mpya yenye kila kitu ndani, amekuuzia kitu cha kuishi miaka 30 kikiwa kimefungwa gundi kwa kitu cha kuishi miaka 5.

Kwa keja yangu mambo si makubwa. Laptopu ya Ex-UK yenye skrini imepasuka ndiyo seva, iko juu ya kabati. Simu ya zamani, yenye tundu la earphone, iko karibu na amplifaya na waya ya AUX inayotoka tundu moja kwenda nyekundu na nyeupe. Usicheke simu za zamani: tangu iPhone 7 ya 2016, kampuni moja baada ya nyingine zimeziba hilo tundu. Muziki unatoka laptopu kwenda simu kwa Wi-Fi ya ndani, bila kugusa bando. Hata intaneti ya ploti ikipotea, ngoma haikati. Na kuna benga za kanda ambazo huwezi kuzipata kwa app yoyote. Nazinakili kwa laptopu moja moja, upande A halafu B.

Nisiwadanganye pia. Kati ya MP3 ya 320 na FLAC, wengi wetu hatutasikia tofauti, na anayekuambia anaisikia kupitia spika ya Bluetooth anakubeba ufala. Bluetooth yenyewe inabana tena sauti njiani. Tofauti kubwa utaisikia ukitoka kwa spika ya kiganja kwenda kwa spika mbili za mbao zilizotengana mita mbili. Hapo ndipo unagundua kulikuwa na mpiga gitaa wa pili.

Kama kwenu hakuna sistimu ya zamani, panda Luthuli. Beba simu yako na waya yako mwenyewe, usikubali kujaribiwa na redio ya duka. Cheza ngoma unayoijua sana. Sikiliza kushoto peke yake, halafu kulia. Zungusha kitufe cha sauti polepole: kikikwaruza mara nyingi ni vumbi tu, kitu cha fundi kusafisha kwa dakika chache, lakini wewe kunja uso kama ni tatizo kubwa na uulize bei tena. Ukisikia mngurumo wa umeme hata muziki ukiwa umezimwa, hiyo muachie, na uende duka linalofuata.