Sumu Inayorudi Nyumbani na Nguo za Kazi

Leo tutazungumza juu ya swali lenye historia ndefu: "Unafanya kazi gani?"

Mwaka 1700, daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akawahimiza madaktari wamuulize kila mgonjwa kazi yake. Mwaka 1895, sheria ya Uingereza iliwataka madaktari watoe ripoti kila wakimpata mfanyakazi wa kiwandani aliyedhuriwa na madini ya risasi. Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2005 zilitaka wanaofanya kazi zenye kemikali hatari wapimwe kabla ya kuajiriwa, wakiwa kazini na wanapoondoka, kwa gharama ya mwajiri.

Lakini kanuni hizo zinamhusu mfanyakazi. Mtoto aliye nyumbani hayumo katika daftari la kiwanda.

Tuliyaona haya hapa hapa Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru, upande wa bara. Mwaka 2007 kilianza kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa hapo, huku akinyonyesha. Mwanawe akaugua, akatibiwa maradhi mengine bila nafuu, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyo akakipigania kijiji kizima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Mama, risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Hukaa mifupani miaka mingi na kudhuru ubongo. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, choo kigumu, upungufu wa damu, kuchelewa kujifunza, hata degedege. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Kipimo cha damu ndicho kinachobainisha.

Kama baba ni fundi wa betri, anakwangua rangi za zamani, au anayeyusha chubwi za kuvulia, aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Nguo zake zifuliwe mbali na za mtoto. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiwe kavu. Na wanja tusiwapake watoto machoni, kwani wanja mwingine una risasi. Usiache kunyonyesha kwa hofu. Pata ushauri kliniki kwanza.

Ukimpeleka mtoto kliniki, usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe: "Baba yake anafanya kazi hii." Neno hilo moja laweza kumwokoa mtoto.

Mpaka wiki ijayo, nawatakia afya njema.