Kikosi cha mizinga kilichokatazwa kurudi nyuma

Nyanya zetu walikuwa na jina la kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi: merikani. Kililetwa Unguja na majahazi ya wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, kisha kikasambaa pwani yetu yote hadi bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ilikatika, merikani ikaadimika na nguo za Waingereza na Wahindi zikachukua nafasi yake sokoni. Leo nataka kuwaeleza habari za vijana wa jimbo hilohilo waliokwenda kwenye vita hivyo.

Kikosi cha Tisa cha Mizinga cha Massachusetts kiliapishwa Agosti 1862. Kilipewa mizinga sita aina ya Napoleon, kila mmoja ukirusha tufe la ratili 12, yaani kilo tano na zaidi. Mzinga mmoja ulivutwa na farasi sita, na gari la risasi lilikuwa na farasi wake. Kwa hiyo farasi wakifa, mzinga haundoki.

Miezi ya mwanzo walikaa kulinda mji wa Washington bila kuona vita. Kapteni wao wa kwanza alijiuzulu, na mapema mwaka 1863 akaja John Bigelow, kijana aliyesoma Harvard. Aliwafanyisha mazoezi makali hata wengine wakamchukia. Baadaye walielewa kwa nini.

Mapigano yao ya kwanza yalikuwa Gettysburg, Pennsylvania, tarehe 2 Julai 1863. Jioni ile safu ya mbele ya jeshi la Kaskazini ilivunjika, na askari wa miguu waliokuwa karibu nao wakaondoka. Bigelow aliirudisha mizinga yake nyuma kwa kuifunga kamba ndefu, ikivutwa huku inapiga, mpaka shamba la familia ya Trostle. Hapo Luteni Kanali Freeman McGilvery akamfikia na amri: simama hapa kwa vyovyote vile, mpaka nipate mizinga mingine ya kuziba pengo lililo nyuma yako.

Fikiria, msomaji. Mbele yao adui, nyuma yao ukuta wa mawe, na hakuna askari wa miguu wa kuwakinga. Walipiga makopo ya bati yaliyojaa golore za chuma mpaka askari wa Mississippi wakawa katikati ya mizinga. Kati ya watu 104, 28 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Farasi 80 kati ya 88 waliuawa au kujeruhiwa. Mizinga minne ikatekwa. Lakini muda walioununua ulitosha: McGilvery alikwishapanga safu mpya, na pengo halikupitwa. Mizinga ile minne ilikombolewa jioni ileile.

Bigelow alipigwa risasi akaanguka. Aliwaambia watu wake wamwache. Mpiga tarumbeta Charles Reed hakutii. Alimpandisha kwenye farasi akamtoa polepole katikati ya moto wa pande mbili. Mwaka 1895 alipewa Nishani ya Heshima. Reed huyo alikuwa mchoraji pia, na michoro yake ya maisha ya askari inatazamwa hadi leo.

Kikosi kilijazwa watu na farasi wapya. Mwaka 1864 kilipigana Virginia, kikawa kwenye mazingira ya Petersburg, na Juni 1865 watu wake wakarudi majumbani. Pale Gettysburg wana minara ya kumbukumbu, na ghala la Trostle bado lina tundu la kombora ukutani.

Mimi nikipita mbele ya mizinga iliyolala Fort Jesus, huona watoto wameikalia wakipigwa picha. Si vibaya. Ila tuwaambie kwamba nyuma ya kila mzinga walisimama watu walioamriwa wasiondoke, na aghalabu majina yao hayakuandikwa popote. Wale wa Massachusetts waliandikwa kwa sababu wenzao waliobaki hai walikaa chini wakaandika. Wazee wetu nao wana ya kusimulia. Tukawaulize mapema.