Siku Idi Amin alipokufa, Babu alikuwa anaanika betri



Najua nimepotea. Karibu miezi miwili sijaandika kitu hapa, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeolewa. Sijaolewa jamani. Nilikuwa TP huko Kahama, nafundisha Historia kidato cha tatu na cha nne, na pale kijijini mtandao unapatikana ukipanda kwenye kichuguu. Sasa nimerudi chuo, bumu limeingia, nimekula chipsi mayai, nina nguvu ya kuandika.

Leo nina jambo. Juzi jioni tulikuwa kimbwetani, eti tunajisomea. Jamaa mmoja wa mwaka wa kwanza akatoa simu akatuonyesha video ya Idi Amin anapiga kinanda kile cha kuvuta kwa mikono, kavaa magwanda, anacheka. Watu wakacheka. Ikafuata picha yake amebebwa kwenye kiti na Wazungu, ile ya mwaka 1975 pale Kampala. Basi jamaa akasema, "Huyu ndo alikuwa mwanaume. Kafukuza Wahindi, kabebwa na Wazungu. Afrika ingepata watano kama huyu tungekuwa mbali." Na wenzangu, wengine wanasoma Historia kama mimi, wakaitikia kweli kweli!

Nilibisha mpaka sauti ikakauka, lakini nilibisha vibaya. Nilitaja tarehe tu kama kitabu. Usiku nikiwa kitandani ndo nikakumbuka kwamba jibu lilikuwa nyumbani kwetu siku zote.

Mimi nimezaliwa mwaka 2003, mwaka aliokufa Amin. Alifariki Jumamosi tarehe 16 Agosti, hospitalini Jeddah, Saudi Arabia, baada ya kupoteza fahamu karibu mwezi mzima. Figo zilishindwa kazi. Akazikwa hukohuko siku hiyohiyo. Mama alikuwa na mimba yangu kubwa, kwa hiyo nyumbani habari ya kifo cha Amin na habari ya kuzaliwa kwangu husimuliwa pamoja, kama vile tulipishana mlangoni.

Tuanze na baba. Wakati ule alikuwa Nyarugusu, Geita (Geita enzi hizo ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza, haijawa mkoa mpaka 2012). Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umeanza uzalishaji miaka mitatu tu nyuma, na wachimbaji wadogo walikuwa wanahama kila siku kutafuta duara jipya. Baba alikuwa kwenye karasha. Anasema habari ililetwa na kijana mmoja aliyekuwa na redio ndogo, akapiga kelele, "Nduli kafa!" Vijana waliokuwa wanapondaponda mawe wakaulizana nduli ndo nani. Wengi walikuwa wamezaliwa baada ya vita. Mmoja akatania kwamba kama kafia Arabuni basi kaacha dhahabu, twendeni tukachimbe kaburi. Wakacheka, kazi ikaendelea.

Ila kulikuwa na mzee mmoja pale, mtu wa upande wa Kyaka, anaosha mchanga mwaloni. Huyo aliacha karai lake, akakaa chini, akaomba habari irudiwe. Ikarudiwa. Akauliza, "Hospitali?" Wakamwambia ndiyo, hospitali. Akauliza tena kama kulikuwa na watoto wake pembeni. Hakuna aliyejua. Hakurudi kwenye karai siku ile. Baadaye ndo wakaambiwa kwamba mwaka 1978 mama yake alibaki nyuma wakati wanakimbia kuvuka mto, na hawakumwona tena.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo kwa ajili ya jamaa yangu wa kimbwetani. Amin alichukua madaraka kwa nguvu Januari 1971, Obote akakimbilia Tanzania. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote wakaingia Uganda kutokea kwetu, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikaja kupiga Bukoba na Mwanza. Mwaka huohuo ndo aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Kuhusu Waganda waliouawa katika miaka yake minane, makadirio yanatofautiana sana, yanaanzia laki moja na kwenda mpaka laki tano. Halafu mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yakavuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Kama kilometa za mraba 1,800 hivi! Daraja la Kyaka wakalivunja, kiwanda cha sukari wakakipora, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu wakiwemo wa ranchi ya Kitengule. Raia wanaokadiriwa kufika 1,500 waliuawa. Nyerere akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia, na nchi ikaingia vitani.

Jeshi letu lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Likafika zaidi ya 150,000. Hawa wengine walitoka wapi? Walitoka vijijini. Walikuwa wanamgambo, na mmoja wao ni Babu yangu wa Kahama, pamoja na mdogo wake. Walipandishwa malori (malori na mabasi ya watu binafsi nayo yalichukuliwa kusaidia vita), wakaenda.

Babu alifika mpaka Masaka. Ukimuuliza habari za Masaka anaanza kukohoa. Wanajeshi wetu waliubomoa ule mji kwa hasira ya yaliyofanyika Kagera, hilo limeandikwa na wala si siri, ila Babu hajawahi kuniambia alikuwa anafanya nini siku hiyo na mimi nimeacha kuuliza. Mdogo wake hakurudi. Na hakupigwa risasi, alikufa lori lilipopinduka. Nilipokuwa mdogo niliona aibu kidogo kuwasimulia wenzangu kifo cha namna hiyo. Baadaye nikasoma kwamba kati ya askari wetu 373 waliohesabiwa kufa vitani, waliouawa na adui ni 96 tu. Wengi waliobaki ni ajali. Kumbe babu mdogo alikufa kama walivyokufa wengi.

Sasa ile Jumamosi ya 2003. Babu alikuwa ameanika betri za redio juu ya bati ili zipate nguvu (waliokulia kijijini mnaelewa) na alikuwa anasubiri taarifa ya habari ya jioni. Bibi ndo anasimulia vizuri. Redio ikasema. Majirani watatu walikuwepo. Mmoja akasema Mungu amlaze anapostahili. Mwingine akasema angalau Mwalimu angeishi kusikia, maana Nyerere alikuwa ameshafariki Oktoba 1999. Babu akauliza, "Kafa kwa nini?" Akaambiwa figo. Akasema "Figo!" kama mtu aliyepunjwa bei ya pamba, akazima redio, akatoa betri.

Basi. Hakuna ngoma wala maandamano. Nilipokuwa TP nilimuuliza kwa nini hakufurahi. Akanijibu kwamba mtu anafurahi deni likilipwa, hafurahi mdaiwa akifa.

Nimelifikiria sana hilo jibu, kwa sababu kule nje watu walikuwa na mengi ya kusema. Wiki chache kabla ya kifo, mke wake mmoja alimwomba Rais Museveni aruhusu Amin arudi kufia Uganda, na jibu likawa kwamba akirudi atajibu madhambi yake papo hapo. David Owen, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza kati ya 1977 na 1979, akajitokeza kusema kwamba enzi zile aliwahi kupendekeza Amin auawe, akakataliwa. Hivi huyu alikuwa anasubiri mtu afe ndo aseme? Human Rights Watch wakasikitika kwamba amekufa bila kufikishwa mahakamani. Na kwao West Nile kulikuwa na watu waliolia kweli, kwa kuwa baada ya kuanguka kwake walilipiziwa kisasi cha kikatili wao na watoto wao. Sioni ajabu katika hilo. Mtu analia kwa hesabu yake.

Na hesabu yetu sisi wa Usukumani ni hii, ambayo kwenye kitabu cha shule sikuikuta. Vita vile viligharimu kama dola milioni 500, katika nchi maskini, muda mfupi baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Nyerere akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Ile miezi 18 iliisha lini? Muulize bibi yeyote. Bibi yangu anasema kama imeisha basi yeye hakutangaziwa. Anakumbuka foleni ya sabuni, anakumbuka kuvaa gunia. Hesabu zote hizo si za Amin peke yake, mafuta yalipanda bei duniani na sera zetu wenyewe zilikuwa na matatizo, msije mkasema mwalimu mtarajiwa anapotosha. Ila kijijini kwetu ukitaja shida ya miaka ile, jina linalotoka kwanza ni Amin.

Halafu bunduki. Vita vilipoisha, silaha nyingine zilirudi na watu, nyingine zikauzwa, na wizi wa ng'ombe ukabadilika. Zamani mwizi alikuja na fimbo na mishale kama wewe, sasa anakuja na bunduki. Babu aliporwa zizi zima mwaka 1981, saa tano ya usiku, na mmoja wa wale wezi alikuwa na koti la jeshi. Ni katika mazingira hayo ndo Sungusungu walianza, kwetu huku Kahama, mwaka 1981 kwenda 1982, kisha wakaenea Shinyanga yote, Tabora na Mwanza. Filimbi, upinde, mwano ukipigwa kila mwanaume anatoka. Mwaka 1989 sheria ikawatambua kama aina ya mgambo. Wanaowachunguza hutaja silaha za baada ya vita kama sababu mojawapo. (Sungusungu nao wana madhambi yao, hasa kwa vikongwe walioitwa wachawi. Siku nyingine nitaandika, nikipata ujasiri.)

Kwa hiyo ukimwambia Babu kwamba Amin alikuwa mwanaume, anaona koti la jeshi kwenye zizi.

Niwasimulie la mwisho la TP. Nilikuwa nimemaliza kipindi cha Vita vya Kagera, nimechora na ramani ubaoni, najiona mwalimu. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madam, sasa Amin alifungwa miaka mingapi?" Nikamwambia hakufungwa. Alikwenda Libya, baadaye Saudi Arabia, akaishi huko zaidi ya miaka 20. Mwaka 1989 alijaribu kurudi kupitia Zaire wakamrudisha. Darasa likanyamaza. Akauliza tena, "Hata siku moja?" Hata siku moja.

Nikaona niwape mfano wa hapahapa. Mwaka 1976 kulifanyika operesheni ya usalama Mwanza na Shinyanga, kuhusu mauaji yaliyohusishwa na uchawi, na baadhi ya washukiwa wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani hakumpiga mtu hata kofi, lakini Januari 1977 alijiuzulu. Alikuwa Ali Hassan Mwinyi, huyuhuyu aliyekuja kuwa Rais 1985. Watoto wakashangaa, wengi hawakuwahi kusikia kwamba waziri alijiuzulu kwa ajili ya watu waliokufa Shinyanga. Yule binti hakuridhika. "Na hao waliowapiga?" Kengele ikaniokoa.

Kuna habari nyingine naipenda ingawa sijui niiweke wapi. Mwaka 2009 mtoto mmoja wa Amin, Jaffar, alikwenda Butiama akapokelewa na Madaraka, mtoto wa Nyerere. Nilimsomea Babu. Akasema ni vizuri, watoto hawana kosa. Halafu akauliza kama alipitia na Kyaka.

Jana nimempigia simu Babu, nikamwambia kuna vijana chuoni wanamsifu Amin kwa sababu ya video. Nilitegemea atakasirika. Akauliza hiyo video inaonyesha nini. Nikamwambia anapiga kinanda.

"Anajua kupiga?"

Nikasema anajua kiasi.

Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. "Haya," akasema, "wasalimie wenzako." Vocha ikaisha.