Presha ya mapafu: je, tiba ya jeni imefika?

Presha tuijuayo ni ile inayopimwa mkononi. Presha ya mapafu ni nyingine kabisa. Mishipa itokayo upande wa kulia wa moyo kwenda mapafuni huota kuta nene, njia ya ndani ikasonga, na moyo ukachoka kusukuma damu. Mgonjwa hupimwa mkono akaambiwa yuko sawa, ilhali hawezi kupandisha dumu la maji kutoka mto Tana bila kusimama mara tatu. Wengi hutibiwa pumu kwa miaka.

Msomaji mmoja wa Balambala, Garissa, ameniuliza kwa ajili ya dadake: ni kweli ugonjwa huu sasa unatibiwa kwa jeni? Bado, ndugu yangu. Lakini ulilosikia lina asili yake.

Mwaka 2000 watafiti waligundua kuwa familia nyingi zenye ugonjwa huu zina hitilafu katika jeni iitwayo BMPR2, ambayo huzuia seli za kuta za mishipa zisiongezeke ovyo. Wazo likawa kupeleka jeni nzima mapafuni kwa kutumia virusi vilivyoondolewa makali. Kwa panya limeleta nafuu. Kanada walijaribu njia nyingine kwa binadamu: walichukua seli kutoka damu ya mgonjwa, wakazitia jeni inayosaidia kulegeza mishipa, kisha wakamrudishia. Matokeo yalitoka 2015, na waliotibiwa walikuwa watu 7. Hao hawatoshi kuthibitisha dawa.

Hata ikithibitika, bei je? Selimundu, ambayo Kilifi tunaijua vyema na yenyewe huweza kuleta presha ya mapafu, ilipata tiba ya jeni iliyoidhinishwa Uingereza mwaka 2023. Marekani inauzwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa hiyo mimi ningeuliza kwanza chanzo. Kwetu Afrika, mara nyingi chanzo ni moyo wenyewe, zikiwemo vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki utotoni. Kuna pia kichocho kilichofika ini, makovu ya kifua kikuu, na moshi wa kuni. Aombe rufaa ya kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hakiumi. Uthibitisho hutaka katheta ipitishwe mshipani hadi moyoni, na hilo ni la hospitali kubwa.

Dawa zipo. Sildenafili, ile ile ya Viagra inayochekesha watu vibarazani, imetumika kwa ugonjwa huu tangu 2005. Haifai kila mgonjwa: mwenye vali mbovu hutibiwa vali. Asinunue dukani kwa kubahatisha.

Na jambo moja lisingoje eko. Mimba kwa mwenye presha ya mapafu huweza kuua, hasa wakati wa kujifungua na siku chache baadaye. Dadako na mumewe wazungumze na daktari kuhusu uzazi wa mpango sasa hivi.