Sumukuvu katika chakula cha kuku: hasara ya kimyakimya mabandani Kawempe

Kawempe, mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala, ina ufugaji wa kuku usiohitaji shamba. Banda hujengwa nyuma ya nyumba, na magunia ya chakula huwekwa panapopatikana nafasi: barazani, chini ya ngazi, au ndani ya banda lenyewe. Katika maeneo ya bondeni kama Bwaise, ambako maji ya mvua huingia hadi majumbani, si ajabu gunia la pumba likanyonya unyevu kwa siku kadhaa kabla mwenyewe hajalitazama.

Wafugaji wengi huchanganya chakula wenyewe au huchanganyiwa dukani. Msingi wake ni pumba za mahindi, zikiongezwa soya, mashudu ya pamba au ya alizeti, chokaa, na mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria. Karibu kila kiungo katika orodha hiyo huota kuvu kikihifadhiwa kikiwa kibichi. Mahindi na mashudu ndiyo yenye hatari zaidi.

Kuvu inayoogopwa kuliko zote ni Aspergillus flavus, ambayo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Wanasayansi waliitambua kupitia ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukaelekea kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Kipindi hichohicho, vifaranga wa bata waliolishwa mashudu ya karanga walikufa pia hapa Afrika Mashariki. Kuku ni mstahimilivu kuliko bata na batamzinga, na ustahimilivu huo ndio unaomponza mfugaji: kuku hafi upesi, bali hudhoofika.

Sumu hiyo ikishafyonzwa na utumbo hupelekwa kwenye ini. Huko vimeng'enya vya mwili, katika jitihada ya kuivunja, huigeuza kuwa kemikali kali zaidi inayojinasa kwenye protini na kwenye chembe za urithi. Ini hulemewa, hujaa mafuta, huvimba na kubadilika rangi kuwa ya manjano. Kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za damu, kuku wa nyama hula bila kuongeza uzito unaotarajiwa, na ngozi yake huvilia damu kirahisi anaposhikwa. Kuku wa mayai naye hupunguza utagaji, na mayai yake huwa madogo.

Madhara mabaya zaidi huenda ni yale ya kinga. Aflatoksini hudumaza viungo vinavyozalisha askari wa mwili, kikiwemo kile kidogo kilichopo karibu na tundu la haja, ambacho hushambuliwa pia na virusi vya Gumboro. Kuku aliyechanjwa ipasavyo dhidi ya kideri anaweza basi kuugua kana kwamba hakuchanjwa. Mfugaji hulaumu chanjo, hulaumu aliyemuuzia vifaranga, hununua dawa za viuavijasumu, huku gunia lililosababisha yote likiendelea kutumika.

Zipo sumu nyingine za kuvu. Okratoksini huharibu figo, nayo sumu ya T-2 huacha vidonda mdomoni. Mara nyingi huingia pamoja katika chakula kimoja, na mchanganyiko huo huongeza makali.

Tatizo hili si geni Uganda. Sampuli 480 za vyakula vya binadamu zilizokusanywa nchini humo mwaka 1966 na 1967 zilionyesha aflatoksini katika takriban asilimia 30. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Kiwango cha juu kwa mahindi ya chakula cha binadamu katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Hapa pana swali ambalo halijibiwi vya kutosha: mahindi yanayokataliwa huenda wapi? Mazoea ya kusema kwamba yaliyoharibika "yapewe kuku" yapo katika nyumba nyingi, na bei yake ya chini humvutia mchanganyaji wa chakula.

Kuchemsha au kukaanga hakusaidii, kwani aflatoksini hustahimili joto la jikoni. Macho na pua navyo hudanganya. Pumba zinazonukia vizuri zinaweza kuwa na sumu iliyobaki baada ya kuvu yenyewe kufa, na kwa kuwa sumu hukaa kwa mafungu, konzi moja kutoka juu ya gunia haithibitishi lolote. Kinga ya kweli huanzia shambani: mahindi yaanikwe juu ya turubai hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi. Kwa mfugaji wa mjini, magunia yapangwe juu ya vichanja mbali na ukuta, na chakula kinunuliwe cha wiki chache tu. Udongo wa bentonaiti unaochanganywa kwenye chakula hunasa aflatoksini tumboni, ingawa hauzisaidii sana sumu nyingine.

Kundi likidumaa bila sababu inayoeleweka, hatua ya kwanza ni kubadilisha chakula na kuhifadhi sampuli kutoka magunia kadhaa. Kuku aliyekufa apelekwe kwa daktari wa mifugo akapasuliwe, kwa maana ini lake hueleza mengi. Wafugaji wa Kawempe hawana safari ndefu: Chuo Kikuu cha Makerere, chenye kitivo cha tiba ya mifugo, kimo ndani ya tarafa yao.