Kutoka Black Mamba hadi Mauntini: Baiskeli ya Kisumu Imeundwa Upya Siku Zote

Kandokando ya barabara itokayo katikati ya Kisumu kwenda Kakamega, kuanzia soko la Kibuye hadi makutano ya Kondele, mafundi wa baiskeli hufanya kazi ambayo wapita njia wengi huiona bila kuitazama. Fremu kuukuu za mauntini (baiskeli za milimani), zile ambazo wauzaji huziita eks-UK, hushushwa kutoka kwenye shehena za mitumba zikiwa na kutu, hazina kiti, minyororo imekauka na nyaya za breki zimekatika. Baada ya muda fremu hiyohiyo hurudi barabarani ikiwa na ringi ya baiskeli nyingine, mkono wa breki wa nyingine, na karia ya nondo iliyochomelewa papo hapo. Tumezoea kumwita mwenye kazi hiyo fundi wa kuziba pancha na kuishia hapo. Historia inadai tumpe heshima kubwa zaidi. Kwa sehemu kubwa ya muda ambao baiskeli imetembea kwenye mwambao huu wa Ziwa Viktoria, haikutoka kiwandani ikiwa imeundwa kwa ajili ya kazi ya huku. Ilibidi iundwe upya hapa, na waliofanya hivyo ni mafundi wa kando ya barabara. Kwa hiyo anayefufua mauntini ya mtumba Kondele leo ni mbunifu, na anastahili kutambuliwa hivyo na mji unaomtegemea.

Reli ya Uganda ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, na kwa njia hiyo bidhaa za viwandani zikapata mlango wa kuingia Nyanza. Baiskeli zilizotawala enzi ya ukoloni zilikuwa za Kiingereza, na jina lililovuma kuliko yote lilikuwa Raleigh ya Nottingham. Zilikuwa baiskeli nzito, nyeusi, zenye magurudumu ya inchi 28 na breki zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya. Aliyezichora alikuwa na picha ya mtu mmoja aendaye kazini kwenye barabara laini, akiwa na mkoba mdogo nyuma. Baada ya uhuru zikaongezeka za Hero, kampuni iliyoanza kuunda baiskeli Ludhiana, India, mwaka 1956, pamoja na Phoenix za China, nazo zilifuata ramani ileile ya Kiingereza. Watu wakazibatiza zote Black Mamba. Lakini huku baiskeli ilipewa kazi ambayo mchoraji wa Nottingham hakuiwazia. Ilibeba samaki kutoka ufuoni hadi sokoni, gunia la mahindi hadi kinu cha kusaga, madumu ya maji, kreti za soda, mama na mtoto wake, hata mgonjwa anayepelekwa hospitali. Chini ya mizigo hiyo karia ya kiwandani ilipinda, spoku zilikatika na foku ililegea. Jawabu la fundi lilikuwa kuunda karia mpya ya nondo, kuongeza fito mbili za chuma kutoka kichwa cha foku hadi kwenye ekseli, na kufuma gurudumu la nyuma kwa spoku nene zaidi. Hayo ni maamuzi ya uhandisi, kwa sababu yalitokana na kujua chuma kinashindwa wapi na kwa sababu gani.

Ushahidi mzito zaidi ni boda boda. Biashara hiyo ilianza mpakani Busia katika miaka ya 1960, ambapo vijana wenye baiskeli waliwavusha abiria na mizigo yao kati ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda. Ilipoenea hadi Kisumu na kushamiri katika miaka ya 1990, ikawa usafiri wa kutegemewa kati ya mjini na mitaa kama Manyatta, Nyalenda na Migosi. Hakuna kiwanda chochote duniani kilichowahi kutengeneza baiskeli ya teksi ya namna hiyo na kuiuza Kisumu. Kilichokuja ni Black Mamba ya kawaida. Mto wa sponji uliofunikwa kwa plastiki ya rangi, mahali pa abiria kukanyaga, kishikio chake nyuma ya kiti cha dereva, na karia inayomhimili mtu mzima, vyote viliongezwa na mafundi wa hapa. Walioupa mji usafiri huo ni mafundi na waendeshaji, kwa kusikilizana: mwendeshaji akirudi na karia iliyopasuka, fundi anaona mpasuko ulipoanzia na kubadilisha umbo la karia inayofuata. Kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii, Serikali iliondolea pikipiki za chini ya cc 250 kodi ya VAT, na pikipiki za bei nafuu za India na China zikachukua abiria wengi. Wengi walidhani ndio mwisho wa fundi wa baiskeli. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mauntini za mitumba zilikuwa zimekwisha kuanza kuingia, na ufundi uliokomaa kwenye Black Mamba ukahamia huko.

Inafaa kukumbuka mauntini yenyewe ilizaliwaje, maana wanaodhani ni kitu cha maabara wanakosea. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, California, walikusanya baiskeli kuukuu za Schwinn zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940, wakazivua kila kisichohitajika, wakazifunga matairi manene, breki za ngoma, mikono ya breki ya pikipiki na giya zilizotolewa kwenye baiskeli nyingine. Wakaziteremsha kwenye njia za vumbi karibu na mji wa Fairfax, na Oktoba 1976 wakaanza mashindano yaliyoitwa Repack. Jina hilo lilitokana na breki za awali za kukanyaga kinyumenyume, ambazo zilipata moto mkali kwenye mteremko hadi grisi ikaungua, ikabidi zifunguliwe na kupakwa grisi upya. Joe Breeze aliunda fremu mpya ya kazi hiyo mwaka 1977. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua kampuni wakiuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa baiskeli ya Stumpjumper, na uzalishaji wa kiwandani ukashika kasi. Majina ya watu hao yamo katika vitabu vya historia ya baiskeli, na hakuna anayewaita waziba pancha. Walichukua chuma chakavu na vipuri vya kuokoteza, wakaunda chombo kinacholingana na ardhi yao. Fundi wa Kondele akifanya kazi ileile kwa ajili ya mwinuko wa kwenda Riat na Kiboswa, au kwa tope jeusi la uwanda wa Kano, haki inataka tumpime kwa kipimo hichohicho.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Gurudumu la mauntini ya zamani, lile tunaloliita la inchi 26, hukalisha tairi kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 559. La Black Mamba lina milimita 635. Tofauti hiyo ya milimita 38 kila upande inatosha kuharibu kila kitu, kwa sababu vishikizo vya breki za mauntini vimechomelewa kwenye fremu na havisogei. Ukiweka gurudumu la Black Mamba, hata kama litaenea kwenye foku, raba za breki zitagusa spoku badala ya ringi. Kwa hiyo fundi hutafuta ringi ya 26 na kuifuma kwa habu aliyonayo. Habu ya nyuma ya mauntini nyingi za miaka ya 1990 ina upana wa milimita 135, na ile ya Black Mamba ni nyembamba zaidi. Ikitumiwa, huongezewa washa kwenye ekseli hadi ijae, kisha gurudumu huvutwa spoku baada ya spoku mpaka likae katikati ya fremu. Upande mwingine kuna bahati ambayo mafundi huitumia vizuri: nyuzi za kufungia friwili ya giya moja ya kawaida ni zilezile za habu nyingi za mauntini za zamani, kwa hiyo meno ya seti ya giya yakilika, friwili ngumu ya Kihindi huzungushwa mahali pake na baiskeli ikaendelea na safari. Lakini kuna mitego pia. Raleigh walikata nyuzi 26 kwa kila inchi kwenye nyumba ya ekseli ya pedali, ilhali kawaida ya Kiingereza ilikuwa 24. Asiyejua hilo ataingiza kikombe kwa nguvu na kuiharibu fremu moja kwa moja. Mafundi wengi hawakusoma vipimo hivi popote. Wanavijua kwa mkono, kwa kupima kipuri kimoja juu ya kingine, na kwa kufundishwa na aliyetangulia.

Pingamizi la kwanza ni usalama. Wapo wasemao kwamba baiskeli iliyounganishwa kwa vipuri vya baiskeli tano ni hatari barabarani, na hoja yao ina uzito. Breki za V ambazo kampuni ya Shimano ilizileta mwaka 1996 zinahitaji mkono unaovuta waya mrefu zaidi kuliko ule wa breki za kabla yake; ukichanganya mkono wa zamani na breki mpya, mkono unagota kwenye usukani kabla ya breki kushika sawasawa. Fremu ya chuma inachomeleka vizuri, lakini ya aluminiamu inahitaji mtambo wa gesi na ujuzi wake, na foku ya aluminiamu iliyopasuka haifai kuchomelewa kabisa. Hatari hizi ni za kweli. Ila zinaonyesha kwamba kazi hii ina kanuni, na kwamba tofauti kati ya fundi hodari na mbahatishaji ni kubwa na inapimika. Kanuni zikiwepo, dawa ni kuzifundisha na kuwatahini wanaofanya kazi. Kumfukuza fundi kandokando ya barabara hakuondoi baiskeli mbovu hata moja. Kunamwondoa tu mtu ambaye angeitengeneza.

Pingamizi la pili linasema mitumba inaigeuza Afrika jalala la Ulaya na kuua viwanda vyetu. Kwa nguo, mjadala huo ni mpana. Kwa baiskeli, tuangalie kilichopo: baiskeli mpya zinazojaa madukani Kisumu nazo huagizwa, nyingi kutoka India na China, hivyo mauntini ya mtumba inashindana hasa na bidhaa nyingine ya kigeni. Tofauti yake ni kwamba sehemu kubwa ya thamani yake huongezwa hapa, na fundi, mchomeleaji, muuza vipuri na mshonaji wa viti. Zaidi ya hayo, tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 viwanda vya dunia vimehamia magurudumu ya inchi 27.5 na 29, na fremu imara za chuma za 26 zimekuwa kitu cha kutupwa huko. Huku bado zinapata matairi, tyubu na mtu wa kuzielewa. Fremu yenye miaka thelathini ambayo bado inambeba mtu kwenda kazini haiwezi kuitwa taka.

Pingamizi la tatu ni kwamba pikipiki imekwisha kushinda na baiskeli ni mambo ya jana. Pikipiki imechukua abiria, hilo halina ubishi. Lakini mwanafunzi, mlinzi wa usiku, mchuuzi wa mkate na muuza samaki bado wanahitaji chombo kisichonywa petroli. Hata ulimwengu wa nje umeliona hilo. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, limeweka Kisumu kituo cha kuunganisha baiskeli zake za Buffalo. Baiskeli hiyo ina fremu ya chuma kizito, breki ya kukanyaga kinyumenyume na karia ya kubeba kilo 100. Mwenye kuijua Black Mamba iliyoimarishwa na mafundi wetu ataona kwamba karia nzito na chuma kinene ndiyo mahitaji yaleyale ambayo mafundi wa kando ya barabara waliyajibu miongo mingi kabla. Walikuwa sahihi mapema, isipokuwa hakuna aliyewaandika.

Kinachotakiwa sasa hakihitaji miujiza. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, tayari hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, na tangu sheria ya mwaka 2014 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, Kenya imekuwa na msingi wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ufundi wa baiskeli uingizwe humo waziwazi, mafundi wa Kondele na Kibuye watahiniwe kwa kazi ya mikono yao, na wapewe vyeti. Kaunti ya Kisumu, inapochora njia za baiskeli na vituo vya usafiri, itenge vibanda vya mafundi ndani ya ramani hizo, kwa maana njia ya baiskeli isiyo na fundi ni nusu ya kazi. Vyuo vya ufundi viwaalike mafundi hawa kama walimu wa vipimo, nyuzi na uchomeleaji, na wanafunzi waandike ujuzi huo kabla wenyewe hawajaondoka nao. Nawe msomaji, ukipeleka baiskeli yako Kondele, muulize fundi kwa nini amechagua ringi ile na mkono ule wa breki, kisha mlipe kwa maarifa aliyotumia pamoja na muda aliotumia. Ujuzi huo umeubeba mji huu kwa zaidi ya nusu karne, na kuulipa ipasavyo ni deni letu.