Ufifishaji teule wa kingo na maski katika michoro ya vekta

Ufifishaji teule wa kingo ni mbinu ya kulainisha upande mmoja au sehemu moja ya umbo, rangi ikaondoka taratibu hadi ikapotea, ilhali pande nyingine zinabaki kali kama zilivyochorwa. Katika programu za picha za pikseli, mfano Photoshop, hiyo ni kazi ya brashi na haichukui muda. Inkscape, Adobe Illustrator na CorelDRAW haziendi hivyo. Mchoro wa vekta hutunza njia, nukta zake na rangi iliyojazwa ndani. Ukingo wa njia ni mstari wa hesabu usio na unene, na kila mahali kwenye ukurasa ama pako ndani yake ama pako nje. Ulaini wowote unaoonekana hapo umeongezwa baadaye, kwa ukungu, kwa mpito wa rangi au kwa maski, na anayejua kipi hutangulia kipi ndiye anayeweza kuupeleka upande anaoutaka.

Mwanzoni uwezo huo haukuwapo. Illustrator ya kwanza ya mwaka 1987 iliegemea lugha ya PostScript, ambayo haikujua uwazi wa rangi: kilichochorwa juu kilifunika cha chini, basi. Wachoraji walidanganya jicho kwa kupanga maumbo mengi yanayopishana rangi kidogo kidogo, na kuanzia Illustrator 8 ya 1998 kwa wavu wa rangi. Toleo la 9, mwaka 2000, ndilo lililoleta uwazi, maski za ukolevu na athari ya kufifisha kingo kwa mpigo mmoja. Mwaka uliofuata PDF 1.4 ikapokea maski laini, na Septemba 2001 shirika la W3C likapitisha SVG, muundo wa faili za michoro ya vekta, yenye maski na ukungu wa Gauss ndani ya kiwango chenyewe. Inkscape, iliyochipuka kutoka programu ya Sodipodi mwaka 2003 na inayotumia SVG kama faili yake ya asili, ilipata kitelezi cha ukungu katika toleo la 0.45 la mwaka 2007.

Ukungu na ufifishaji huchanganywa mno, hata na wazoefu. Ukungu wa Gauss hutawanya rangi pande zote mbili za ukingo, ndani na nje. Penye ukingo ulionyooka, mahali mstari ulipokuwa hubaki na ukolevu wa takriban nusu, na umbo huonekana kubwa kuliko lilivyokuwa. Tena ukungu hauchagui: ukiuwekea picha, nyuso zilizo katikati nazo huharibika. Ufifishaji wa Illustrator hula kuelekea ndani tu na hauvurugi kilichomo, lakini hupokea kipimo kimoja kwa mzunguko mzima wa umbo. Cha ajabu ni kwamba InDesign, programu ya kupanga kurasa ya kampuni hiyohiyo, tangu toleo la CS3 la 2007 humruhusu mtumiaji kupanga kipimo cha juu, chini, kushoto na kulia kila kimoja peke yake. Mchoraji wa vekta aliyetaka hivyo ameachiwa maski.

Maski ni umbo linalowekwa juu ya kingine, si kwa ajili ya kuonekana bali kuamua kipi kionekane. Katika SVG hesabu yake hufuata mwangaza: penye nyeupe kitu hubaki kizima, penye nyeusi hutoweka, na kijivu hutoa kiasi cha katikati. Rangi nyingine nazo zina uzito wake: kijani huchangia takriban asilimia 72 ya mwangaza, nyekundu 21, buluu 7. Ndiyo maana anayechora maski kwa buluu iliyokolea hushangaa kitu chake kikikaribia kupotea. Mahali ambapo maski haikufika huhesabiwa kama nyeusi.

Chukua kadi ya harusi ambayo picha ya maharusi iko kulia na maandishi kushoto, na picha inatakiwa iyeyukie kwenye rangi ya kadi upande wa maandishi tu. Katika Inkscape, chora mstatili mweupe juu ya picha. Uutanue upite kingo za juu, chini na kulia, kwa umbali unaozidi ukungu utakaouweka. Ukingo wa kushoto pekee uuingize ndani ya picha. Uwekee ukungu, chagua vyote viwili, kisha weka maski. Kwa kuwa ukungu wa pande tatu umeangukia nje ya picha, upande wa kushoto pekee ndio utakaofifia, na faili ya picha yenyewe haijaguswa: ukiiondoa maski, yote hurudi. Mpito wa rangi kutoka nyeusi hadi nyeupe ungefanya kazi hiyo vilevile, na kwa ukingo ulionyooka ni bora, kama itakavyoonekana kwenye uchapaji. Ukungu hushinda pale ukingo unapopinda, mathalani kufuata bega au shela.

Njia ya pili haihitaji maski kabisa, na ndiyo inayowashinda wengi. SVG hutaja utaratibu waziwazi: kitu kikishachorwa hupita kwanza kwenye vichujio, ukungu ukiwamo, kisha hukatwa kwa kikato, yaani njia inayoondoa kilicho nje yake, kisha hupimwa na maski, na mwisho ndipo ukolevu wake wote hushushwa. Kwa hiyo duara lenye ukungu na kikato kwa pamoja huwa laini kwanza, halafu hukatwa. Upande wa kikato unatoka mkali na uliobaki unafifia. Ukitaka hata upande uliokatwa ulainike, liweke duara lililokatwa ndani ya kundi, kisha kundi ndilo ulipe ukungu. Tofauti yote ni Ctrl+G.

Kuna mtego kwa wanaoandika SVG kwa mkono. Eneo la kichujio, lisipotajwa, huzidi umbo kwa asilimia 10 tu kila upande. Umbo la upana wa vipimo 100 linapewa 10 za ziada, wakati ukungu wa kipimo cha 10 huenea hadi karibu 30, hivyo ulaini hukatika ghafla kwa mstari ulionyooka. Kitelezi cha Inkscape hupanua eneo hilo chenyewe.

Kwenye uchapaji, PDF inaweza kubeba maski ya mpito wa rangi kama vekta halisi, lakini haina amri ya ukungu. Ukungu hugeuzwa pikseli kwa msongamano uliochaguliwa wakati wa kuhifadhi, na bango lililoachiwa nukta 72 kwa inchi huonyesha vijiraba penye ukingo uliokusudiwa kuwa laini. EPS haijui uwazi kabisa. Mashine ya kukata stika haisomi lolote kati ya haya: hufuata njia, na umbo lililofifishwa hukatwa kwa ukingo wake wa awali.